Spacio inakula oili: nifunge injini nyingine, niuze, au nikope nichukue IST namba E?

Maswali ya gari mwezi huu yamekuja mengi na karibu yote yanafanana: mtu ana gari ya siku nyingi, fundi kataja hela ya kutisha, na pembeni kuna ndugu anasema uza hiyo. Nimechukua matatu. La kwanza limekula nafasi kubwa kwa sababu najua mko wengi humo humo.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kibaha, nina Toyota Spacio ya 2003, cc 1800, namba C, ninayo mwaka wa kumi na moja sasa. Haijawahi kuchemsha wala kunilaza njiani. Shida yake ni oili, kila mwezi naongeza kama lita moja, na mizunguko yangu ya kazini na kanisani sidhani kama inazidi kilomita 1000 kwa mwezi. Fundi anasema injini imechoka, anataka milioni 1.9 afunge injini ya mtumba kutoka Gerezani, ufundi humo humo. Mbele inagonga nikipita kwenye mashimo, na milango chini imeanza kushika kutu. Mdogo wangu anasema niachane na huu mkweche, kuna mtu anautaka kwa milioni 5, nikope milioni 12 kwenye mshahara, makato 346,000 kwa miezi 48, nichukue IST namba E iko yadi kwa milioni 16.5. Walimu wenzangu wengi wameshahamia kwenye namba E na kusema kweli inaniuma. Nastaafu baada ya miaka sita. Nishauri. (Mwalimu, Kibaha)

JIBU: Shikamoo mwalimu, na asante kwa kuweka hesabu zote mezani, maana wengi wananiandikia "gari yangu mbovu nifanyeje" halafu wanataka jibu.

Kabla ya oili tuanze na hiyo IST kwa sababu ndo imebeba hela. Umenitajia namba, hujanitajia mwaka. Namba E maana yake gari imeandikishwa hapa kwetu juzijuzi, basi, haisemi imetengenezwa lini. IST ya shepu ya kwanza, hiyo iliyojaa Dar nzima, ilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007, na kwa bei uliyotajiwa siamini kama wanakuuzia shepu ya pili. Spacio yako nayo ni ya kizazi cha 2001 mpaka 2007. Yani mwalimu hizo gari mbili zilikuwa zinapishana kwenye barabara za Japani wakati mmoja, moja ikawahi meli nyingine ikachelewa, na wewe unaambiwa unaacha mkweche unachukua gari mpya wakati unachukua rika lake. Nenda pale yadi, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, chini kabisa kuna kilebo kimeshonewa ambacho mara nyingi kina mwaka, halafu uulinganishe na mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Usimuulize muuzaji, soma mwenyewe.

Kwa nini sasa gari ya rika hilo ifike bei hiyo? Kodi. Gari ndogo ikipita miaka 10 tangu itengenezwe inaingia nchini na ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na huo unakuja juu ya ushuru wa forodha asilimia 25 na ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini za cc 1001 mpaka 2000, halafu VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote hivyo. Zinabebana, ukifika mwisho unakuta kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari ambayo TRA wameikubali. Viwango huwa vinaguswa kwenye bajeti ya mwezi wa sita, kikokotozi kipo kwenye tovuti ya TRA, ingia mwenyewe usisubiri dalali akufanyie hesabu. Ninachotaka uone ni kwamba kipande kikubwa cha mkopo wako kinakwenda kulipia kodi ya gari ya zamani, wakati kodi ya Spacio ililipwa siku nyingi na hakuna anayekudai.

Mkopo wenyewe, 346,000 mara 48 ni 16,608,000. Umechukua 12 umerudisha 16.6. Ongeza bima, maana gari ya mkopo huwezi kuitembeza na bima ndogo ukalala usingizi, utataka kubwa, na asilimia 3.5 ya milioni 16.5 ni 577,500 kwa mwaka kabla ya VAT, wakati hii ya sasa unaimaliza na bima ndogo ya 118,000. Upande wa pili unaweka lita moja ya oili kwa mwezi, tuseme elfu 20 ukinunua nzuri. Elfu 20 kwa laki tatu na nusu, hapo hata mtoto wako wa form wani anakujibu.

Ila oili siyo ya kuangalia bei tu, lazima ujue inaenda wapi. Angalia namba ya chesisi kwenye kadi, kwa Spacio ya cc 1800 itaanza na ZZE122, au ZZE124 kama ni ile inayovuta miguu minne. Zote hizo ndani zina injini ya 1ZZ-FE, na 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana dunia nzima kwa kula oili. Pistoni zake zina matundu ya kurudishia oili, matundu yenyewe madogo na machache, yakiziba kwa masizi basi ringi ya oili inaganda, haikwangui tena ukuta wa silinda, oili inabaki pale juu inaungua pamoja na petroli. Toyota wenyewe walikuja kuzibadilisha hizo pistoni. Ndo maana unaweza kupima kompresheni ukakuta iko vizuri, gari inavuta, haitetemeki, haichemshi, ila oili inapungua tu. Mafundi wengi wakisikia inakula oili wanakata shauri hapo hapo kwamba injini imekwisha.

Kwa hiyo ile injini ya mtumba naomba uikatae kwa heshima. Atakuletea 1ZZ nyingine ya miaka ile ile, imepigwa presha ya maji inang'aa, utoe milioni 1.9 ununue ugonjwa ule ule kutoka kwa mtu mwingine, tena yako unaijua kwamba haijawahi kuchemsha, hiyo ya Gerezani nani anajua imepitia nini. Kama ni kutoa hela kubwa kwenye hii injini basi iende kwenye kuifungua, pistoni na ringi za toleo la baadaye, sili za valvu na gasketi zake, na iwe ni kwa fundi anayejua anachofungua. Lakini bado hujafika huko.

Anza na vitu vidogo. Mwambie fundi abadilishe valvu ya PCV, ni kidude cha bei ndogo kinachopitisha mvuke wa ndani ya injini urudi kuungua, kikigoma oili nayo inavutwa kwenda kuungua na watu wanaanza kulaumu ringi. Halafu asubuhi gari ikiwa imelala, mweke mtoto nyuma aangalie bomba la moshi wakati unawasha. Moshi wa bluu ukitoka palepale inapowaka halafu ukapotea, hizo ni sili za valvu na siyo kazi ya kutisha. Moshi ukiwa unatoka kila unapoipa mzigo, kilimani au ukipiga resi muda mrefu, hapo ni ringi. Usipouona moshi wowote usishangae, lita moja kwa kilomita 1000 inaweza kuungua kidogokidogo hata jirani asijue.

Halafu kuna kazi ya kila Jumamosi, na hii ndo sharti langu. Gari ikiwa imelala, imesimama pamenyooka, vuta dipstiki, ifute na kitambaa, irudishe mpaka mwisho, ivute tena ndo usome. Ile ya kwanza usiisome, inakuwa imepakaa oili hovyo. Injini hii inachukua kama lita 3.7 tu, kwa mwendo wako ukijisahau miezi mitatu umebaki na kikombe mle chini, na taa nyekundu ya oili ikiwaka ujue umeshachelewa, zima gari hapohapo hata kama ni katikati ya Mlandizi, maana dakika chache za kusema nifike kwanza ndo zinazonokisha injini. Tembea na lita moja ya akiba kwenye buti, oili ya aina ile ile unayotumia. Na mwalimu, kama unajijua wewe siyo mtu wa kufungua boneti na hakuna mtu nyumbani wa kukusaidia, basi uza, sikutanii. Gari inayokula oili ni ya mtu anayeiangalia.

Kugonga mbele anza na link za stebilaiza, ni rahisi na mara nyingi ndo zenyewe, halafu bushi za amu. Boljointi ikikutwa na mchezo usiiwekee ahadi ya mwisho wa mwezi kwa sababu ikichomoka tairi linalala. Kutu ya milango inaharibu sura tu, ikwanguliwe ipakwe kabla haijatoboa.

Sasa ile laki tatu na arobaini na sita ambayo ulikuwa tayari ikatwe. Umeshajiandaa kichwani kuishi bila hiyo hela, kwa hiyo chukua nusu yake tu, 173,000, iweke kila mwezi mahali ambapo siyo rahisi kuitoa. Mwaka mmoja una 2,076,000, injini ikikulazimisha kuifungua hela ipo na hujamkopa mtu. Isipokulazimisha, ukistaafu baada ya miaka sita una 12,456,000, ambayo ni mkopo wako wote na chenji juu, bila riba, na hapo uchague gari ukiwa na kiinua mgongo mkononi. Hilo la mkopo wa miaka minne kwa mtu aliyebakiza sita mimi ndo lilinishtua kuliko oili.

Na kuhusu kuumia, sitajifanya halipo. Parkingi ya shule ina maneno yake. Ila ngoja nikwambie kinachozeesha Spacio machoni mwa watu: taa za mbele zilizokuwa njano, vifuniko vya rimu viwili vyenye sura tofauti, na siti zilizochanika upande wa dereva. Taa zisuguliwe, vifuniko vinne vya namna moja, kava za siti, uone kama huyo wa milioni 5 hatapanda bei.

Nitakachobadilisha mawazo kwacho ni hiki: ikianza kuchemsha, gia ikianza kuchelewa kuingia asubuhi, au ile lita moja ya mwezi ikawa lita moja kila unapojaza tangi. Hapo niandikie tena.

SWALI: Oya kaka mambo vipi. Niko Mwanza nina Rav4 ya 2002 ile ya D4, hii kitu imenitoa jasho. Mwaka juzi ilichemsha nikabadilisha gasketi ya hedi, mwaka jana ikachemsha tena nikabadilisha tena na hedi ikapelekwa kuparazwa, saa hizi maji yanapungua kwenye rejeta sioni yanapovujia na asubuhi nikiwasha inamisi kidogo ndo inatulia. Juzi imeniacha Usagara usiku. Nimeshazamisha kama mil 3.5, nikiuza sasa hivi si ndo hela yangu yote imepotea? Nimalizie tu au vipi? (Dogo wa Nyegezi)

JIBU: Hiyo hela imeshaondoka mdogo wangu, uuze usiuze hairudi, kwa hiyo itoe kwenye hesabu kabisa. Hesabu inaanzia leo: kuanzia sasa hii gari inataka shilingi ngapi ili ikuaminishe usiku pale Usagara?

Maji kupungua bila kuvuja na kumisi asubuhi, hiyo ni silinda mojawapo inaingiza maji usiku gari ikiwa imepaki. Maana yake gasketi ya pili nayo imekwenda. Injini yako ni 1AZ-FSE, bolti za hedi zinaingia kwenye bloku ya aluminiamu, na 1AZ za miaka hiyo ugonjwa wake ni nyuzi za kwenye bloku, ile mikato ya ndani ya shimo inayokamata bolti, kung'oka, hasa bolti za nyuma zinazoelekea upande wa kabini. Fundi anafunga gasketi mpya, anakaza, bolti haikamati vizuri ila yeye anaona imekaza, gari inatembea miezi kadhaa hedi inanyanyuka tena kidogo, tunarudi pale pale. Kubadilisha gasketi kwenye hali hiyo ni kumlipa fundi mshahara. Tiba ni kutoboa upya mashimo na kupachika nyuzi mpya za chuma, yote 10, siyo yale mawili yaliyolegea tu.

Kwa hiyo muulize fundi swali moja: unaweza kupachika nyuzi mpya kwenye bloku, na umeshawahi kuifanya hiyo kazi? Akianza kuzungukazunguka usimpe gasketi ya tatu. Na hata ikitengemaa bado una mfumo wa D4, petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa kuziosha, zinajaa masizi, na ile pampu yake ya presha kubwa haipendi mafuta machafu. Mimi ningeuza. Uiuze kama ilivyo, umwambie mnunuzi ukweli, wapo mafundi wanaozitafuta Rav4 kwa ajili ya bodi wabadilishe injini wenyewe, bei itakuwa ndogo na ndo bei yake. Kufunga gasketi ili iwake vizuri siku ya kuonyesha halafu mwenzio ikamchemshie njiani, hiyo usifanye. Ukishauza hakikisha umiliki umehamishwa TRA, siyo mnaandikishana tu kwa mwanasheria halafu kadi inabaki jina lako na faini za kamera zinakuja kwako.

Ukitafuta nyingine fungua boneti usome kifuniko cha injini kabla ya kuangalia kitu kingine. Ukiona D4, funga boneti mshukuru mwenyewe, iwe Premio ya cc 2000, iwe Noah. Madalali wanapenda kusema "hii D4 yake haisumbui".

SWALI: Salamu kutoka Likoni. Niko na Probox ya 2008, injini iko sawa kabisa lakini kutu imenimaliza, nikiinua kapeti ya dereva naona barabara. Mjomba yuko Tanga na ana Corolla 110 safi sana, anataka kuniuzia bei ya kutupa. Naweza kuivusha nije niisajili huku Kenya? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Haiingii kaka. Kenya gari iliyotumika ikizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza hairuhusiwi kuingizwa, kwa mfano mwaka 2025 zilizokubalika ni za kuanzia Januari 2018, na Corolla 110 za Japani ziliacha kutengenezwa 2000. Kuja kukutembelea nayo kwa kibali cha muda ni kitu kingine, kuisajili sahau. Mjomba amuuzie mtu wa Muheza.

Probox tusiizike bado, injini ya 1NZ ikiwa nzima ni mali. Swali ni kutu imefika wapi. Ipandishe kwenye lifti, chukua bisibisi nene, chokonoa kwa nguvu sehemu tatu: zile boksi za chini ya milango, krosimemba ya mbele (lile boriti la chuma linalokatiza chini ya injini), na pale ekseli ya nyuma inaposhikia bodi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinameza bisibisi. Sakafu ya miguuni inakatwa na kuchomelewa bati jipya, ni kazi ya siku chache na wachomeleaji wa Mombasa wameizoea kwa sababu ya hiyo chumvi yenu. Boksi za milango nazo zinachomelewa kama siyo urefu wote. Lakini bisibisi ikizama pale ekseli inaposhikia, hapo hakuna bati la kuokoa, toa injini na gia uza peke yake, bodi ipeleke kwa wa vyuma chakavu.

Ukiamua kuchomelea, ung'oe kapeti yote na siti ya dereva kwanza maana kapeti linashika moto, na waya wa betri utolewe kabla fundi hajawasha mashine yake, la sivyo atakuunguzia kompyuta ya gari kwa ajili ya kipande cha bati.